Mume Wangu Alikatazwa Kuinama

Tangu turudi, kila ninayekutana naye kisimani au sokoni ananishika mkono: "Mama Neema, hebu tuambie, huko Dar walimfanya nini Baba Neema?" Namwambia kipande, naye anakwenda kukisimulia kwa jirani, na kinaporudi kwangu kimeota mkia. Juzi nimesikia eti mume wangu alitolewa figo akawekewa ya mbuzi. Mawe, mama yangu! Nimeamua kukaa chini na kuandika yote, tangu tulipotoka mpaka tuliporudi. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mwenye mbuzi wake abaki naye.

Baba Neema mnamjua. Ni fundi seremala, na nusu ya milango ya mtaa wetu imetoka mikononi mwake. Ugonjwa wake pia mnaujua, maana wengi wenu mliuona na wengine mliusema. Anainama kupiga randa, mara uso unapauka, jasho linamtoka mpaka shati linanata mgongoni, moyo unapiga hadi unauona kwa macho, na kichwa anakishika kwa mikono miwili. Robo saa baadaye umepita, naye amekaa chini hoi kama aliyelima ekari nzima. Kuna waliosema ni pombe. Kuna waliosema karogwa na fundi mwenzake. Na mmoja, simtaji ila anajijua, alisema Baba Neema anaogopa kazi.

Miaka saba tulitibu presha. Kliniki tuliambiwa chumvi ni adui wa presha, nami neno hilo nililishika kama amri ya Mungu. Chumvi niliifukuza nyumbani. Migebuka ya chumvi, samaki wetu wa ziwani, haikuvuka mlango wangu. Wanawake walikuja kwangu kujifunza kuunga maharage kwa tangawizi na ndimu, na nilijivuna, sifichi. Likumbukeni hili, maana ndilo lililokaribia kunifanya mjane.

Aliyefumbua fumbo ni tabibu wetu, yule tunayemwita Mama Pima, kwa kuwa hata ukienda na jino lazima akupime presha. Siku hiyo Baba Neema aliinama mbele yake kufunga kamba ya kiatu, ugonjwa ukamshika palepale. Mama Pima akapima, akaitikisa mashine akidhani imeharibika. Nusu saa baadaye akapima tena, presha ikawa ya mtu mzima na afya yake.

"Kichwa, jasho, moyo kwenda mbio," akauliza. "Vinakuja vyote pamoja?"

"Ego," akaitikia Baba Neema kwa Kiha. "Kila mara."

Mama Pima akakaa. Akatueleza kwamba juu ya figo kuna tezi ndogo, na kazi yake mojawapo ni kumwaga ile homoni inayokutimua mbio ukikanyaga nyoka. Tezi hiyo ikiota uvimbe, inaimwaga hata pasipo nyoka. "Ukiinama unauminya," akasema. "Ni ugonjwa wa nadra, mimi nimeusoma tu, sijawahi kuuona. Lakini naapa ndio huu." Akaandika barua ya Dar, akatoa masharti matatu: asiiname, asibebe kitu, na tumbo lake lisiguswe na mtu. Tena twende kwa treni apate kunyoosha mwili, asikunjwe kwenye kiti cha basi siku nzima.

KIBONDO HADI KASULU

Asubuhi ya kuondoka nilijitwika begi la nguo kichwani, mkono wa kulia dumu la asali, wa kushoto kikapu cha chakula. Baba Neema alitembea mikono mitupu. Mwanaume wa Kiha, fundi, mkewe amebeba kila kitu! Alikuwa akitazama chini tu.

"Mama Neema," akaniambia, "tupite nyuma ya soko."

Nikapita nyuma ya soko, kwenye matope, ili watu wasimwone. Moyo uliniuma kuliko shingo.

Mpaka Kasulu, na kutoka hapo mpaka Kigoma penye treni, tulipanda basi, maana ukilinganisha na safari ya Dar kipande hicho ni kifupi. Pale Makere alipanda mama mmoja Mkongo wa kambini, mnene, mchangamfu, na beseni la mandazi. Akakaa karibu nasi. Hatukwenda mbali, mbuzi wakakatiza barabara, dereva akafunga breki, Baba Neema akakunjika mbele. Basi! Jasho likaanza. Yule mama alipomwona akaweka beseni chini, akafumba macho, akanyoosha mkono amshike tumbo amwombee.

Nikaudaka ule mkono hewani. "Usimguse!"

Basi zima likageuka kututazama. Mama wa watu akaurudisha mkono kifuani. "Mama, miye nilitaka kumuombea tu. Unanikatalia sababu niko mkimbizi?"

Aibu ilinishika. Nikamweleza huku nimemkumbatia mume wangu mabega: tumbo hili likiminywa anaweza kufa hapahapa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pardo, mama, unisamehe. Basi nitamuombea nikiwa mbali." Akarudi nyuma viti viwili, akanyoosha mkono kutoka kule, akaomba kwa sauti mpaka konda akaitikia amina. Ugonjwa ulipopita akatupa mandazi manne, akakataa kulipwa.

KIGOMA MJINI

Waliosafiri na treni wanajua: unaambiwa saa fulani, halafu unasubiri. Tulisubiri kutwa nzima. Nilipokuwa nasogea na mizigo yangu yote, mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, Msukuma, Masanja jina lake, akanicheka mbele za watu.

"Mama, huyo kakuoa au umemwoa?"

"Nimemwoa," nikamjibu. "Mahari nilitoa madebe mawili ya asali. Una swali lingine?"

Watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Baba Neema hakucheka.

Lakini Mungu ana utani wake. Kwenye mabehewa ya kulala, wanaume wana chumba chao na wanawake chao, na mume wangu akapangwa chumba kimoja na nani? Na Masanja. Sikuwa na la kufanya. Nikameza kiburi, nikasimama mlangoni kwao, nikamweleza yote tangu randa mpaka barua. "Akitoka jasho, uniite. Asiiname. Asiguswe tumbo. Nakukabidhi."

Masanja alivua kofia. "Shemeji," akasema, "mbona hukuniambia pale stesheni?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

TRENI NA CHUMVI YA UVINZA

Uvinza mnaifahamu. Treni ikisimama tu, wauza chumvi wako dirishani, na mtu wa Kigoma hapiti pale akaenda ugenini mikono mitupu. Dar tulikuwa tunafikia kwa Bi Saumu, dada yake yule mzee mwenye duka la vitambaa Kasulu ambaye Baba Neema alimtengenezea rafu. Nikamnunulia kilo mbili. Chumvi yenyewe nikaifunga ndani ya kitenge, mafundo matatu, nikaisukuma mvunguni mwa kitanda changu ili hata harufu isimfikie mume wangu. Mama mmoja chumbani akaniuliza kama nimebeba dhahabu.

Mbele ya Uvinza treni iliharibika. Tukakaa porini kwa muda wa saa tisa. Maji yalipungua, watoto wakalia, wanavijiji wakaja kutuuzia mihogo ya kuchemsha na uyoga wa kuchoma. Kila saa nilikwenda kuchungulia chumba cha wanaume, na kila saa nilimkuta Masanja amekaa kama askari. Kitanda cha chini alimwachia mgonjwa, yeye mwenye kitambi akapanda juu.

Yeye alishukia Tabora. Kabla ya kushuka, Baba Neema alitaka kutoka anyooshe miguu, kamba za viatu zimefunguka. Mbele ya macho yangu Masanja akapiga magoti kwenye sakafu ya treni, akamfunga viatu vyote viwili, mafundo mawilimawili. Akainuka akihema. "Nenda ukapone, fundi," akasema. "Kabati langu utakuja kunitengenezea." Nilimsamehe kila kitu.

DAR, KWA BI SAUMU

Bi Saumu ni mtu wa Pwani hasa, ana sauti inayosikika nyumba ya tatu. Alitupokea kwa wali wa nazi, nami nikampa asali na chumvi. "Chumvi ya kwetu Uvinza!" akapiga kelele, kwa maana aliolewa Kasulu miaka mingi kabla ya kurudi Dar.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mkojo, wa mchana na usiku wote, usipotee hata tone, ukusanywe kwenye dumu walilotupa hospitali. Dumu lenyewe halikutofautiana sana na lile la asali. Bi Saumu alilifungia dumu la asali chumbani kwake siku hiyo, na ufunguo akauvaa shingoni. "Nina wageni wanaopenda asali," akasema. "Sitaki kesi."

Majibu yakaja, na picha ya tumbo ikaja. Mama Pima alikuwa sahihi. Uvimbe ulikuwa juu ya figo ya kushoto, umekaa kimya kama mwizi. Daktari wa upasuaji, mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini, aliisoma ile barua ya Kibondo mara mbili, akauliza, "Nani kaandika hii?" Nikamwambia. Akasema, "Huyo tabibu ameokoa maisha." Jamani, nilirefuka pale nilipokaa.

Kisha akasema kwamba hatakata bado. Mgonjwa alazwe, anywe dawa za kulegeza mishipa wiki mbili, anywe maji mengi, na ale chumvi. Chumvi nyingi.

Nikaitikia, "Ndiyo, daktari." Moyoni nikasema, huyu amechoka, amechanganya wagonjwa.

WODINI

Chakula cha mgonjwa nilikipeleka mimi kila siku, nikipika jikoni kwa Bi Saumu. Bi Saumu anaweka chumvi kwenye sufuria ya nyumba, mimi nachukua kisufuria changu pembeni, tangawizi, ndimu, basi. Niliona daktari anajua kukata, lakini mimi namjua mume wangu.

Siku ya tano Baba Neema alisimama kitandani, akaanguka. Siku ya saba vilevile. Wakimpima amelala presha ni nzuri, akisimama inazama. Tarehe ya upasuaji ikakaribia, daktari akaja na wenzake, uso umekunjamana.

"Mama, chumvi anakula?"

"Anakula."

Akamgeukia mume wangu. "Baba, chakula kina chumvi?"

Baba Neema akanitazama. Kisha akasema, "Mke wangu anapika vizuri, daktari."

Tarehe ikasogezwa mbele. Nilisikia daktari akiwaambia wenzake mlangoni kwamba akiendelea hivi hataweza kumfungua kabisa. Nikarudi nyumbani, nikapika tena bila chumvi. Ndiyo, nilipika. Mkaidi ndivyo alivyo.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha, Bi Saumu akanisaidia kufunga vyombo. Akachovya kijiko kwenye mchuzi wangu, akaonja. Kijiko kikasimama mdomoni.

"We Mama Neema! Chakula kinatoka nyumbani kwangu hakina chumvi? Wodi nzima wajue Saumu hajui kupika?"

"Ni cha mgonjwa."

"Daktari kasemaje?"

Nikakifunika kisufuria.

"Nakuuliza, kasemaje?"

"Kasema ale chumvi."

"Toba! Sasa baina yako na daktari, aliyesomea ni nani?"

Nikalipuka. Nikamwambia kwa miaka saba nimemweka mume wangu hai kwa kumnyima chumvi, leo niichukue kwa mikono yangu nimmiminie? Nikalia mpaka nikakaa sakafuni. Bi Saumu alizima jiko, akakaa karibu yangu.

"Hukumweka hai kwa kumnyima chumvi," akasema. "Umemweka hai kwa kumwangalia. Sasa mwangalie na chumvi yake. Tena mmeileta wenyewe kutoka kwenu!"

Tulikwenda wote hospitali. Nikamwambia daktari ukweli mbele ya wauguzi na wagonjwa. Nilitegemea anifokee. Akavuta kiti, akakunja ngumi.

"Uvimbe huu umeikaza mishipa yake hivi kwa miaka," akasema. "Ikikazwa, maji ya mwilini nayo yanapungua. Sasa dawa zangu zinaifungua." Akafungua vidole. "Ikifunguka bila maji ya kuijaza, anaanguka. Na maji bila chumvi hayakai, anayakojoa. Siku nitakayoutoa uvimbe, mishipa italegea mara moja. Nikimkuta mkavu, presha itadondoka na sitaweza kuiokota. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa. Nilikuwa namuua."

"Ulikuwa unafuata ulichofundishwa. Ila mwingine akikuuliza swali, mjibu kweli."

Jioni ile nilimpelekea migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, chumvi ya Uvinza imekolea. Alitafuna polepole. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Pilipili?" nikauliza.

"Hapana. Chumvi."

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

Akafuta uso. "Ningesemaje? Miaka saba unahangaika jikoni kwa ajili yangu. Nikusemee mbele ya watu?"

Nikamwongezea migebuka. Nimeolewa na mwanaume, wenzangu. Anayesema anaogopa kazi aje kwangu.

SIKU YENYEWE

Baada ya siku kumi alikuwa akisimama bila kuyumba. Wakampeleka chumba cha upasuaji asubuhi. Tulikaa kwenye benchi, mimi na rozari yangu, Bi Saumu na tasbihi yake, hatukuongea. Bi Saumu kunyamaza, hilo nalo liandikwe.

Muuguzi mmoja alipita akanisikia nikisali Kiha. Akasimama, akanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye, mama." Kumbe mtoto wa kwetu Kigoma, wa Buhigwe! Yeye ndiye aliyekuwa akitoka na kuingia akituambia, "Bado, mama, wanaendelea."

Daktari alitoka saa nane mchana, kofia imelowa jasho. Nilisimama, rozari mkononi.

"Tulipoushika, presha ilipanda sana," akasema. "Daktari wa usingizi alikuwa anaisubiri, akaishusha. Tulipofunga mshipa wa uvimbe, ikaanza kuanguka. Ikaanguka, ikaanguka."

"Ikasimama?"

"Ikasimama. Mwili wake ulikuwa umejaa, mama. Chumvi yako ilifanya kazi."

Akanionyesha kwa kidole na gumba ukubwa wa ule uvimbe: limau tu. Limau moja lilimfanya mume wangu apite nyuma ya soko! Nilimkumbatia daktari na kofia yake. Waliomkata ni Watanzania watupu, watoto wa watu kama sisi, na aliyeugundua ni tabibu wa Kibondo mwenye mashine ya kupimia presha. Mtu asiniambie tena kwetu hakuna wataalamu.

KURUDI

Tulikaa kwa Bi Saumu wiki nane, mpaka mkato ukafunga vizuri na daktari akaandika kwamba sasa anaruhusiwa kuinama na kubeba. Uvimbe haukuonekana kusambaa, ila kila mwaka tutapima. Ile karatasi ya ruhusa Baba Neema aliiweka mfuko wa shati, na ndani ya treni aliisoma kila stesheni.

Uvinza tulinunua chumvi tena. Kibondo, kabla ya nyumbani, tulikwenda kwa Mama Pima. Baba Neema hakusalimia hata. Akasimama mbele ya meza yake, akafungua kamba za viatu, akainama, akazifunga taratibu, kushoto, kisha kulia. Akainuka. Mama Pima akampima. Akamvua kile kitambaa cha mashine mkononi, akamvisha upya, akapima tena. Kisha akaweka mashine chini, akajifunika uso kwa mikono.

Nikamwekea chumvi yake mezani. "Mama Neema!" akacheka huku analia. "Mimi unaniletea chumvi?"

"Ya zawadi," nikamwambia. Na ninyi wenye presha mnaosoma, msije mkanishikia maneno. Mama Pima anasema kwa presha ya kawaida chumvi bado ni adui. Ile ya mume wangu iliamriwa na daktari, kwa ugonjwa ule, kwa siku zile. Ulizeni kwanza, kisha fuateni, msifanye kama mimi.

Tulipotoka, nikainama nishike begi. Sikulikuta. Baba Neema alikuwa ameshalitupia begani, kikapu mkononi, ameshaanza kwenda. Njia ya nyuma ya soko ndiyo fupi. Akaiacha, akashika ile ya katikati ya soko, polepole, akisalimia kila meza, na wale wa pombe, na wale wa uchawi, na yule ninayemficha jina.

Nilimfuata nyuma, mikono mitupu, sijui hata pa kuiweka.

"Mama Neema!" akaniita muuza dagaa. "Leo huna mzigo?"

"Sina," nikamwambia. "Mwenye nao yule pale mbele."